YAH: Kichwa cha kamera kisichojua mbele ni wapi

Ndugu Meneja,

Nimewapigia simu mara nne, na mara zote nne nimejibiwa "zima, halafu washa upya". Nimezima na kuwasha hadi nimechoka, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tanga. Kichwa cha mota nilichonunua kwenu, kile kinachoshika kamera na kuigeuza, nakifunga kwenye ncha ya kreni, mimi nabaki chini na rimoti. Kikiwashwa kinatakiwa kijongee taratibu mpaka kikute sensa (kihisi cha kuonyesha mahali), kijue hapa ndipo sifuri, kisha kitazame mbele. Kulia na kushoto hakina shida. Balaa liko juu na chini: leo kinakaa sawa, kesho kimeinamia sakafu, keshokutwa kinakodolea feni.

Fundi wenu alisema kamera yangu ni nzito. Ina kilo 2.1 pamoja na lenzi. Kijitabu chenu kinaruhusu 4. Hata hivyo sikubisha, nikaitoa kabisa. Nikabandika tepu ya karatasi kwenye bodi ya kichwa na nyingine kwenye mkono unaoinama, nikapitisha mstari mmoja wa penseli juu ya zote mbili. Nikafanya vivyo hivyo upande wa kuzunguka, nikazima na kuwasha mara kumi. Mstari wa kuzunguka ulirudi palepale mara zote. Ule wa kuinama haukurudi hata mara moja, na safari mbili ulipishana upana wa kidole. Tena mota ya kuinama haipunguzi mwendo popote, kama vile haioni sensa. Inakwenda kugonga kizuizi cha chuma, inakwaruza, halafu popote ilipokwama ndipo inapopaita sifuri. Mota hizi huhesabu hatua tu. Zikianza kuhesabu mahali pasipo sahihi, kila kinachofuata ni makosa, na sifuri ninayoiseti mwenyewe kwa rimoti inafutika nikizima.

Jumamosi umeme ulikatika ukumbini wakati wa keki. Jenereta ikawashwa, kichwa kikajitafutia sifuri mpya, na engo zote nilizohifadhi zikahama. Kamera ina betri yake, kwa hiyo iliendelea kurekodi: keki, visu, mikono. Nyuzi nne tu za pembe zikikosewa, kwa umbali wa mita 20 picha inahama karibu mita 1.4. Mama wa bibi harusi ameshaniuliza mara mbili mwanawe yuko wapi.

Sitaki punguzo la bei wala begi la zawadi. Naomba sensa ya kuinama ibadilishwe nikiwapo, kisha turudie jaribio la tepu mara kumi hapohapo mezani kwenu. Ikishindikana, nirudishiwe fedha zangu zote. Nimeambatanisha nakala ya risiti na video ya jaribio lenyewe. Kichwa kiko kwenye boksi lake, tepu sijaibandua.

Mteja wenu,
Tanga