Barua ya wazi kwa Katibu wa mtandao wetu wa wakulima wa korosho: mmempitisha kwa kigezo gani?

Ndugu Katibu,

Salamu kutoka Kitangari, ambako watu wanaokota korosho huku wakisubiri minada ifunguliwe. Nimelisoma tamko lenu la kumuunga mkono mgombea ubunge wa jimbo letu. Nilikuwa natafuta sababu, nikakuta sifa: mchapakazi, msikivu, mzalendo. Sifa hizo hata wenzake wanaogombea naye wamezibandika kwenye mabango yao.

Sina ugomvi na mgombea. Huenda hata kura yangu akaipata. Ninachouliza ni jinsi ninyi, tuliowatuma mtusemee kuhusu makato, pembejeo na bei, mlivyolifikia jina lake.

Chukua ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Zamani sheria ilikuwa inarudisha asilimia 65 ya fedha hiyo kwenye zao lenyewe, ndiko zilikotoka fedha za utafiti, za miche, za salfa ya kupulizia mikorosho. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni, wakiwemo wa chama tawala, na bado mabadiliko yakapita. Kwa hiyo mkulima wa huku akiambiwa mgombea ni msikivu, anataka kujua atamsikiliza nani siku chama chake kitakapomtaka akae kimya. Mlimuuliza hilo? Alijibu nini? Na wagombea wengine, je, waliitwa wakaulizwa, au nao wamelisikia tamko mitaani kama sisi?

Yapo na ya stakabadhi ghalani, mfumo tulionao tangu 2007 wa kuweka korosho ghalani, kupewa stakabadhi, na kulipwa zikishauzwa mnadani. Mimi ni miongoni mwa wanaoutetea, ila hauwezi kutetewa kwa maneno matupu wakati malipo yanachelewa na mtu wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo, anapita mlangoni kwa mama mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hiyo hiyo. Mgombea wenu ana msimamo gani hapo? Tamko halina hata mstari mmoja.

Nilipouliza kwa viongozi wa kata niliambiwa "kamati imeona anafaa". Kamati ipi, Ndugu Katibu? Mkutano mkuu haukuitwa, na sisi wa matawi hatukuletewa hata barua. Tena sheria ya mwaka 2002 ya mashirika yasiyo ya kiserikali inayaeleza mashirika haya kuwa yasiyofungamana na chama. Labda mnayo tafsiri yenu inayowaruhusu. Itoeni tuione, maana ada tunayolipa ni ya kutetea korosho, na katika foleni ya mizani husimama watu wa vyama vyote.

Naomba muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi huo: waliohudhuria, maswali aliyoulizwa mgombea, majibu yake. Kama alichangia ukumbi au mafuta ya gari, hilo nalo liandikwe. Kama hapakuwa na kikao, basi tamko liondolewe kabla ya siku ya kupiga kura, na aliyelitoa alirudie kwa jina lake binafsi. Hiyo ni haki yake.

Muhtasari huo ubandikwe kwenye mbao za matangazo za AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika. Tutausoma tukipeleka mzigo kupima.

Wako,
Mwanachama, Kitangari, Newala