Risala ya vijana wa Mwanza kwa mgeni rasmi: nafasi za kubadilishana vijana ziwafikie wote

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu na walezi wetu, wazazi, wageni waalikwa na vijana wenzetu: tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kuketi nasi. Karibu sana.

Sisi ni vijana wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema na Ukerewe. Baadhi yetu tuko shuleni. Wengine tumemaliza na tunavua, tunashona, tunaendesha bodaboda. Kilichotuunganisha ni hamu ya kuishi na kujifunza pamoja na vijana wa mataifa mengine. Jiji letu si geni katika jambo hili, kwani lina udugu na jiji la Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaambiwa nafasi za kwenda nje ziko wazi kwa kila kijana, na kwa maandishi ni kweli. Lakini mchujo mkubwa hufanyika kabla ya usaili, na wengi wanaochujwa hata hawajui kwamba wamechujwa. Tangazo hutoka kwa Kiingereza, mtandaoni, kwa muda mfupi. Kijana wa kisiwani hulisikia likiwa limeshafungwa. Aliyewahi kuliona anahitaji pasi ya kusafiria, shilingi 150,000, na kabla ya hapo cheti cha kuzaliwa chake na cha mzazi, au kiapo, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. Akishavipata, safari ya viza inamsubiri: Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, na gesti, na chakula. Programu nyingi hulipa tiketi ya ndege, ila gharama hizi za mwanzo huachiwa mzazi. Mzazi anayetegemea dagaa hazimudu. Ndiyo maana wanaokwenda hufanana mwaka hadi mwaka: watoto wa mjini, wa shule zenye Kiingereza kizuri, ambao huenda wangefika huko hata bila programu.

Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa sababu jambo linalofuata ndilo linalotuuma zaidi. Mwenzetu mmoja, binti kiziwi, alifaulu hatua ya maandishi ya programu moja. Usaili ukapangwa kufanywa kwa simu. Alipoomba mkalimani wa lugha ya alama, akajibiwa kwamba bajeti haina fungu hilo. Hakuna aliyemwambia kuwa ameshindwa. Hakupata tu mahali pa kujibu maswali. Tanzania na Ujerumani zote ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 32 inataka ushirikiano wa kimataifa uwafikie na kuwajumuisha watu wenye ulemavu. Kwa hiyo, mheshimiwa, hatuombi huruma.

Na inawezekana. Programu ya weltwärts ya serikali ya Ujerumani, ya vijana wa kujitolea, ina ukomo wa umri wa miaka 28, lakini kwa mwenye ulemavu ni 35. Programu ya YES ya Marekani, ya kubadilishana wanafunzi, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo imewahi kuwachukua pia wanafunzi wa Tanzania, imekuwa ikiwapokea wanafunzi wenye ulemavu na kuwaandaa mjini Eugene, Oregon, kabla hawajaanza mwaka wao wa masomo. Katika programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya, gharama za ziada za kumwezesha mshiriki mwenye ulemavu zinaweza kulipwa zote, kwa fungu lake maalumu.

Tunasema pia kuhusu usawa wa kupokeana. Vijana wa Ujerumani walianza kuja kwetu kupitia weltwärts mwaka 2008. Mlango wa vijana wa huku kwenda kwao kwa programu hiyohiyo ulifunguliwa mwaka 2013. Tunashukuru ulifunguliwa, ila bado wanaokuja tunawaona kwa urahisi kuliko wanaokwenda.

Maombi yetu ni haya. Matangazo yatafsiriwe kwa Kiswahili na yabandikwe katika ofisi za kata, visiwani pia. Uhamiaji, NIDA na RITA, watoaji wa vyeti vya kuzaliwa, wafike Ukerewe kwa pamoja, walau mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya vijana wanaoomba nafasi hizi. Washirika wetu wa nje waombwe kuweka kwenye bajeti, tangu siku ya kwanza, pasi, safari ya Dar es Salaam, mkalimani na msindikizaji. Tusiwasahau mama vijana: serikali iliwarudisha shuleni mwaka 2021, lakini katika nafasi hizi hakuna anayeuliza mtoto atabaki na nani.

Tena, tuanze na majirani. Kisumu na Entebbe ziko ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Mtanzania hahitaji viza kwenda Kenya wala Uganda, na usaili unaweza kufanywa kwa Kiswahili. Kijana ambaye hajawahi kuvuka mpaka akianzia huko, Ulaya haitamtisha.

Kama ofisi yako itaweza jambo moja tu mwaka huu, tunaomba liwe mkalimani. Binti tuliyemtaja ameshajaza fomu upya, na yuko hapa ukumbini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.