Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Amboni, Tongoni na Fedha za Simenti

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia kwa ufupi. Tuliingia mapango ya Amboni kabla ya masika na baada yake, kwa vikundi visivyozidi watu 8, kila mmoja na kofia ngumu, taa ya kichwani na tochi ya akiba. Barakoa ililazimishwa kwa sababu vumbi la kinyesi cha popo hubeba ukungu unaodhuru mapafu. Hakuna aliyeumia wala kupotea. Utaratibu wa kuhesabiana mlangoni, kuingia na kutoka, niliuanzisha na kuusimamia mimi. Pale mzimuni, mahali pa matambiko ndani ya mapango, hakuna aliyegusa marashi, ubani wala vitambaa vya walioweka nadhiri. Wageni waliouliza kuhusu njia ya chini kwa chini ya kutokea Mombasa au Kilimanjaro walielezwa simulizi yenyewe, na pia vipimo vya mwaka 1994 vilivyoonyesha kwamba pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Usafi wa njia ulifanyika.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno, yaani magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili pwani, kusini mwa mji wa Tanga. Mlichanga shilingi 640,000 za kununua simenti ili tuzibe nyufa za makaburi. Kamati ikasimamisha manunuzi, nami ndiye niliyetia saini barua ya kusimamisha. Fedha ipo benki, haijaliwa, na mweka hazina anayo taarifa ya akaunti kwa yeyote atakayeitaka.

Sababu ni hizi. Makaburi yale, zaidi ya 40, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linanyonya mvua na unyevu wa chumvi wa baharini, halafu linakauka taratibu kupitia maungio ya chokaa. Chokaa ni laini, kwa hiyo ukuta ukicheza inapasuka yenyewe na jiwe linasalimika. Ukiziba kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe. Chumvi inaganda ndani ya vitundu, inasukuma, na uso wa jiwe unamong'onyoka misimu kwa misimu huku simenti imesimama kama fremu isiyo na picha. Ikija kubanduka, inaondoka na jiwe. Angalieni kwa karibu vile vishimo vya mviringo kwenye makaburi, ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Bakuli zimekwenda, kilichobaki ni ukingo wa chokaa wenye alama ya kitako cha bakuli. Mwiko mmoja wa simenti unaifuta alama hiyo, na hairudi tena.

Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kugusa ukuta ule bila kibali. Chama kikishtakiwa, atakayeitwa kwanza ni mwenyekiti.

Tukipata kibali, kazi itafanywa kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hapana, unaongeza chumvi ileile tunayoikimbia. Kiraka kifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa na jua inageuka unga. Na wale wanaong'oa miche ya mikuyu juu ya makaburi, nawaomba waache: mzizi ukivutwa unatoka na mawe. Kateni kwa msumeno mdogo usawa wa ukuta, mrudie kila unapochipua.

Maelezo haya yote niliyatoa kwenye mkutano mkuu. Inasikitisha kwamba kati ya wanachama 52 walifika 14, na wengi wa waliolaumu kamati baadaye hawakuwemo. Kikao kilichofuata kilivunjika kwa kukosa akidi. Siwezi kumfafanulia kila mmoja nyumbani kwake.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 17, jumla 408,000. Ambao hawajalipa ni 35, tunawadai 840,000. Matumizi ya nauli, viingilio, kofia, betri na barakoa yalikuwa 395,000, yakabaki 13,000 bila kuhesabu fedha za simenti. Baadhi ya nauli nilitoa mfukoni mwangu na sijazidai. Majina ya wadaiwa katibu anayo. Nimemzuia kuyabandika kwa mwaka huu tu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuvuka kwenda kisiwa cha Toten, kilicho katika ghuba ya Tanga, kuona magofu ya misikiti, chombo kikipatikana na maji yakiruhusu. Tunatumaini pia kuanza kurekodi simulizi za wazee wa Tongoni wenyewe. Barua ya kuomba kibali imeshapelekwa, tunaifuatilia. Fedha za simenti napendekeza zigeuzwe kuwa za chokaa, nalo tulipigie kura kwenye mkutano ujao, akidi ikitimia.

Mwenyekiti,
Tanga