Barua kwa mwanangu anayekwenda kambini Iten

Kwa mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi, ila bibi yako miguu imemvimba tena na kupunguza chumvi hataki. Ujumbe wako wa kambi ya karate nimeupata. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ukisikia sauti yangu imepanda huwa unasema mtandao mbaya.

Nenda. Nalisema mapema usije ukaisoma barua hii mbiombio ukitafuta mahali nilipokukataza. Babako ameshatoa pesa, na pesa yenyewe ilikuwa ya mbao za mashua, kwa hivyo ujue umebeba nini. Lakini kuna neno la kichwa chako.

Nimesikia, na usimuulize mtu nani kasema, kwamba kwenye mashindano yale ulipigwa ngwara ukaangukia kisogo, ukainuka, ukamaliza pambano, na kwenye gari ukatapika. Mimi uliniletea habari ya medali. Medali nimeifurahia, wallahi. Babako ameipeleka picha mpaka barazani, wameiona hata wazee wasioona. Kutapika je? Mbona hukunitajia? Nasikia ati uliogopa kwa sababu niliwahi kuapa kwamba ukiumia tena nitakutoa karate. Mtoto mwenye akili kama yako hajui maneno ya hasira ni ya siku ile ile?

Nimemuuliza yule daktari kijana aliyepanga kwa jirani. Anasema ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kama mtu hakuzimia, na wengi hawazimii. Kichwa kinauma, macho yanakataa mwanga, unasikia kizunguzungu, unasahau kilichopita punde, au unakuwa mzito tu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mara nyingine dalili haziji pale pale, huja baada ya saa kadhaa au kesho yake. Na anayepata dalili hizo harudi uwanjani siku ile, hata akijiona mzima. Anapumzika siku moja au mbili, kisha anarudi hatua kwa hatua, na kupambana ni mwisho kabisa, daktari akisharidhika. Hatari anayoihofia zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapoa. Nilimwambia anirudilie mara mbili, akacheka.

Sasa huko Iten. Ni mita 2,400 hivi juu ya bahari, na wewe umezaliwa mahali ambapo maji yakijaa yanagonga ukuta wa forodhani. Hewa ya kule ni nyepesi. Wakimbiaji hukaa huko majuma na majuma mpaka damu yao iongeze chembe nyekundu. Nyinyi mnakwenda siku chache, sijui damu itaongezeka nini, naona mtatweta tu na baridi. Lakini hilo ni la mwalimu wenu. Langu ni hili: mtu wa pwani akipanda juu huko huweza kuumwa na kichwa siku za mwanzo, akasikia kichefuchefu, akakosa usingizi. Umeona mtego ulipo? Ukigongwa utasema ni hewa. Mwenzio atasema ni hewa. Utameza Panadol urudi kwenye mstari. Salma, ukigongwa kichwa, hata kidogo, usiseme ni hewa. Sema nimegongwa.

Na kambi si kama mazoezi ya jioni. Alfajiri mnakimbia, asubuhi kata, ile mitindo ya peke yako, mchana kumite, ya kupambana na mwenzio, jioni tena. Mtu akichoka mkono hausimami pale alipotaka usimame. Ngumi ya uso mnafundishwa kuizuia, najua, nimekutazama. Lakini aliyechoka hazuii kitu. Mjomba wako ni mtu wa kirumbizi tangu ujana, na yeye hamkabili mtu na fimbo akimuona mwenzake ameanza kuhema. Anasema sasa huyo anapiga ovyo. Ile kinga ya meno uivae, lakini ni ya meno. Ubongo hauvalishwi kinga.

Huyo mzee Funakoshi unayemtaja kila mara, aliyetoka Okinawa akaionyesha karate Tokyo mwaka 1922, si alikuwa mwalimu wa shule? Na si wewe uliyeniambia kwamba mapambano ya kushindana hakuyapenda? Amekufa 1957 akiwa na miaka 88. Basi mtu anaweza kuwa karateka na akazeeka na akili zake zote. Mimi sikukatazi kushindana. Nakutajia tu.

Hijabu chukua ile ya michezo, ya kuvuta kichwani, usifunge mtandio kwa pini. Nimekutumia sweta mbili kwa basi la Mokowe, na achari ya ndimu, na mkebe wa kaimati kavu ambao wewe na wenzako mtamaliza kabla ya Voi, nawajua. Sweta ya buluu ni ya dadako, irudi. Kunywa maji hata kama huoni kiu. Baridi humdanganya mtu. Na swala usiichezee kwa sababu ya ratiba ya watu.

Bei ya samaki huku imepanda kwa sababu ya kusi, tunakula maharage mpaka babako amenuna. Tangi la juu linavuja pale pale lilipozibwa, fundi ameahidi kuja na mimi nimeshamjua. Punda wa jirani amezaa, kelele tupu usiku. Bibi anauliza kama huko unakokwenda ni kupigana kweli au ni mchezo. Nimemwambia mchezo, na wewe ukimpigia mwambie hivyo hivyo.

Nimemuuliza daktari pia lipi ni la kukimbilia hospitali. Kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, ukitapika tena na tena, ukiwa na degedege, maneno yakikuvurugika, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenziye, au wakikuamsha usiamke vizuri. Hayo mwambie mwenzako wa chumba, si wewe uyajue peke yako, kwa sababu siku hiyo wewe hutakuwa na akili ya kuyakumbuka. Mwambie leo kabla hamjaondoka.

Na mwalimu wenu akikwambia endelea, wewe ukiwa unajua umegongwa, toka mkekani. Piga magoti, inama, fanya adabu zenu zote, halafu toka. Akikasirika nipe mimi nambari yake.

Hata asipokasirika, nambari yake nitumie. Na ya yule mwalimu wa kike. Zitume kabla hujapanda treni, usiseme chaji imekwisha.

Wasalaam,
Mamako

Babako anasema umletee asali kutoka huko juu. Kama pesa inabaki. Kama haibaki, usikope.