Picha ya rangi sio jibu, waulizeni vijana wameihakiki vipi

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma, hili la vijana wetu wanaomaliza uinjinia na hizi simulesheni za kompyuta, yani programu za kukadiria kama kifaa kitabeba mzigo wake. Mimi nimesomea mekanika, saa hizi nipo karakana moja hapa Mwanza tunachomelea minara ya matenki ya maji, stendi za mashine na matela, na kila mwaka tunapokea vijana wa fildi.

Wanakuja na laptop zao, dakika kumi tu ameshakuletea picha ya mkazo ndani ya chuma, bluu pasipo na mkazo mkubwa, nyekundu ulipo mkubwa, inapendeza kweli. Mwaka jana mmoja alinichorea breketi ya kubebea tenki, ina kona ya ndani kali kama herufi L. Akasema mkazo mkubwa ni megapaskali 180 na chuma chetu cha kawaida kinaanza kulegea kwenye 250, kwahiyo tuko salama. Nikamwambia haya, vile vipande vya meshi (kompyuta inagawa mchoro vipande vidogo ili ipige hesabu) pale konani vikate nusu urudie. Ikaja 245. Kata tena. Ikaja 330 na kitu, wakati mzigo ni ule ule na chuma ni kile kile! Akaniangalia, "injinia, imekuwaje hii?" Ndo nikamweleza kwamba kona kali namna ile kihesabu haina kikomo, ukizidi kukata vipande vidogo namba inapanda tu haitulii. Tukaizungusha kona kwa radiasi ya milimita 8, tukarudia mara tatu, namba ikatulia. Hapo sasa unaweza kwenda kuongea na fundi wa kuchomelea.

Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia kitu hicho miaka yote minne ya chuo.

Na anayeona haya ni madogo aangalie yaliyotokea Norwei tarehe 23 Agosti 1991, jukwaa la mafuta la Sleipner A, msingi wake wa zege ulikuwa unazamishwa taratibu kwa majaribio karibu na Stavanger, kufika mita 65 ukuta ukapasuka, msingi wote ukazama, hasara kama dola milioni 700. Meshi ilikuwa mbovu pale kuta zinapokutana, nguvu ya kukata zege ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo za pale nazo hazikutosha. Walipokuja kurudia hesabu kwa umakini ikaonyesha ukuta utapasuka kwenye mita 62. Yani kompyuta ilikuwa na uwezo wa kusema ukweli, ila haikuulizwa vizuri.

Sasa njoo kwenye ajira. Matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu, mitano, wa programu fulani ya kulipia ambayo leseni yake kijana hawezi kuinunua hata auze kiwanja cha baba yake, kwahiyo anakraki, anajifunza vitufe, anaandika kwenye CV. Wakati CalculiX ipo ya bure, Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa ipo ya bure, OpenFOAM ya mambo ya maji na hewa nayo bure, na mekanika ndani yake ni ile ile. Jamani waajiri, aliyeielewa kwenye moja ataihamishia kwenye nyingine ndani ya wiki chache, mpeni nafasi.

Kwenye usaili badala ya kuuliza anajua programu gani, mpeni tenki la lita 5,000 kwenye miguu minne, mwambieni ashike kalamu kwanza. Maji peke yake ni tani 5, kila mguu tani moja na robo, halafu afungue kompyuta ajumlishe kani za chini ya miguu aone kama zinarudi kwenye tani zile zile. Walimu wa vyuo nao nawaomba sana, msimpe mtu maksi za projekti kama hajaonyesha majibu ya meshi tatu tofauti. Sisi hapa karakana tumeshaanza, bila karatasi ya hesabu za mkono picha hatuiangalii.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mwanza