Wanangu wa bonde la Msimbazi, msikubali kuharakishwa kupona

Wanangu wenye ulemavu wa Jangwani, Kigogo na kote bondeni, poleni sana na mafuriko. Mzee wenu natembelea magongo toka utotoni, na naandika kwa sababu nasikia watu wanavyowaambia huko, eti nyie shida mshazoea, nyie majasiri, kazeni. Wana nia nzuri ila wanawaongezea mzigo jamani, yani kiziwi kaamshwa na maji yenyewe usiku maana kelele za majirani hakuzisikia, mwingine kitimwendo chake kimesombwa, alafu wanataka atabasamu?

Wamarekani wawili, Tedeschi na Calhoun, miaka ya 1990 walilitafiti hili la mtu kukua moyoni baada ya janga, na walichosema wengi wanakiruka: janga halimkuzi mtu, kinachomkuza ni kule kuhangaika nalo baadae, kuliwaza, kumsimulia mtu anayekusikiliza bila kukukatisha, na maumivu yanaweza yakabaki palepale huku mtu anakua. Kwahiyo mchana ukijiona una nguvu alafu usiku unashtuka mvua ikigonga bati, hujarudi nyuma mwanangu. Na usipoona umekua popote hujafeli, hakuna anayekudai. Ila usingizi ukikataa wiki na wiki, au ukaanza kuwaza kufa, mwambie mtu leo leo akupeleke hospitali, Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili.

Halafu hili la kukua sio kazi ya moyo peke yake. Mtu atakuaje kama amelazwa sebuleni kwa shemeji, anasubiri abebwe hadi chooni? Ndo maana nawasihi mdai vilivyo vyenu. Mkataba wa kimataifa wa haki zetu Tanzania iliuridhia 2009, kifungu cha 11 kinataka tulindwe kwenye majanga, na sheria yetu wenyewe ya 2010 ipo. Nendeni serikali ya mtaa kwa pamoja, asiende mmoja mmoja, muulize orodha ya kaya zetu iko wapi, na mvua ikianza usiku nani anaenda kumwamsha kiziwi, nani anambeba asiyetembea, jina lake liandikwe. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo yetu isiyo na riba, afisa maendeleo wa kata anaijua, muulizeni. Na mkiitwa kikao hakuna mkalimani wa lugha ya alama, kikao kisianze mpaka apatikane.