Kabla kijana hajasema "nakiri"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu tunaoishi California, hasa ambao watoto wetu bado hawajapata uraia.

Juzi mama jirani yangu, mtu wa Uvira, alinijia na karatasi ya mahakama aliyoitunza kwenye bahasha pamoja na cheti cha ubatizo cha mwanawe. Mwaka 2014 kijana alikamatwa na vidonge vya kulevya, akakiri kosa, akamaliza mafunzo aliyopangiwa na mahakama, kesi ikafutwa. Sasa anataka kuomba uraia. Mama aliweka kidole kwenye mhuri, akasema kwa furaha, "Si unaona, imefutwa." Nilikosa la kumjibu.

Kwa jimbo, imefutwa kweli. Lakini sheria ya uhamiaji ya serikali kuu, tangu 1996, inasema ukikiri kosa na hakimu akakupa adhabu au masharti yoyote, umetiwa hatiani, hata kesi ikifutwa baadaye. Kosa likiwa la dawa za kulevya, hata mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kufukuzwa nchini kwa hilo. Anayeachwa ni yule wa kosa moja tu la kukutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe, isiyozidi gramu 30.

California iliyaona haya. Tangu Januari 2018 wengi wanaokutwa na dawa kidogo za kulevya za kutumia wenyewe hupelekwa mafunzoni bila kukiri. Ila Novemba 2024 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 36: aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa dawa, akikutwa tena na dawa kali, anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa. Ili apewe matibabu badala ya kifungo, lazima akiri au asipinge shtaka. Akimaliza, shtaka linafutwa. Ni mtego uleule uliomnasa kijana wa jirani yangu, na unanitia hofu.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kutamfukuzisha nchini. Basi mwambieni wakili siku ya kwanza kabisa: "Huyu si raia." Tunaona aibu kufika mahakamani kwa sababu ya neno dawa, na mtoto anasimama peke yake akiitikia asichokielewa.

Kwa waliopitia mpango ule wa zamani wa kukiri kwanza ndipo wapelekwe mafunzoni, sheria iliyoanza 2016 inawaruhusu kurudi mahakamani kuuondoa ukiri wao. Jumanne namsindikiza mama yule kwa wakili wa uhamiaji. Fomu ya uraia nimemwomba kijana asiitume kwanza.

Mkalimani wa kujitolea,
San Diego, California